Septemba 30: Namna Chama Chetu cha Waswahili Kanada Kinavyoweza Kuwakumbuka Manusura wa Shule za Bweni

Septemba 30, Siku ya Taifa ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, ikikaribia, viongozi wa jumuiya zetu hawalali. Shule imetuma barua kwamba watoto wavae fulana za rangi ya machungwa, ofisi ya jiji inauliza kama tutashiriki, na kwenye grupu la WhatsApp tayari kuna kijana anayependekeza tukodi ukumbi na kikundi cha ngoma. Nia ni njema. Ila shughuli hii haiendeshwi kama sherehe ya uhuru, na ikiandaliwa kwa pupa huwaumiza wale wale inaowakumbuka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vyama vya Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wanyarwanda na wengine wanaozungumza Kiswahili popote Kanada, hasa chama kinachojaribu jambo hili kwa mara ya kwanza.

Shikeni neno moja tangu mwanzo: siku hii ni ya manusura, watoto wa wenyeji wa asili waliopelekwa kwenye shule za bweni. Tunakwenda kama mtu anavyokwenda kwenye msiba wa jirani. Tunateka maji, tunapanga viti, tunakaa mkekani, na hatuanzi kusimulia misiba yetu. Karibu kila ninaloshauri hapa linatoka hapo.

Hatua ya 1: Kamati isome kwanza

Kabla ya kutafuta ukumbi, kamati ikae kwa saa mbili isome historia. Maswali yatakuja, na si haki mtu wa kuyajibu awe mgeni mliyemwalika, ambaye utoto wake ndio historia yenyewe.

Kwa kifupi ni hivi. Kuanzia miaka ya 1830, Mohawk Institute ya Brantford, Ontario, ilipoanza kupokea watoto wa bweni, hadi miaka ya 1990 shule za mwisho zilipofungwa, watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi (ndio wenyeji wa asili wa Kanada) walipitishwa kwenye shule zilizogharamiwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa: Katoliki, Anglikana, Kanisa la Muungano na Presbiteri. Mwaka 1920 sheria ilirekebishwa, watoto wa miaka 7 hadi 15 wakalazimishwa kwenda. Kwetu sisi mzazi huuza ng'ombe ili mtoto apate nafasi ya bweni. Huko mzazi aliyemficha mwanawe aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Mtoto akifika alinyolewa nywele, akavuliwa nguo za nyumbani, mara nyingi akapewa namba. Kaka na dada walitenganishwa. Aliyesema lugha ya mama yake alichapwa. Kwa miongo mingi masomo yalikuwa nusu siku tu, na nusu iliyobaki ilikuwa kazi ya shamba, jikoni na kufua.

Wengi walikufa, hasa kwa kifua kikuu. Daktari Peter Bryce, ofisa wa afya wa serikali yenyewe, aliandika ripoti mwaka 1907 akionya juu ya vifo hivyo, na mapendekezo yake yakawekwa kando. Leo Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano, kilichopo Chuo Kikuu cha Manitoba mjini Winnipeg, kimeorodhesha watoto zaidi ya 4,100 waliofia huko, na orodha bado iko wazi.

Manusura hawakukaa kimya. Mwaka 1990 Phil Fontaine, kiongozi wa Mataifa ya Kwanza huko Manitoba, alisema hadharani kwamba alinyanyaswa shuleni, na wengine wakapata nguvu ya kusema. Walikwenda mahakamani, wakapata makubaliano ya fidia yaliyoanza kutekelezwa Septemba 2007, na Juni 11, 2008 waziri mkuu Stephen Harper akaomba radhi bungeni. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza ushahidi, na mwaka 2015 ikatoa Wito 94 wa Kuchukua Hatua. Wito wa 80 ndio uliodai siku ya taifa ya kumbukumbu. Bunge liliipitisha mwaka 2021, siku chache baada ya taifa la Tk'emlúps te Secwépemc kutangaza kwamba rada ya ardhini imeonyesha dalili za makaburi yasiyo na alama kwenye eneo la shule ya zamani ya Kamloops, British Columbia.

Hapo kwenye makaburi muwe waangalifu na maneno. Semeni dalili za makaburi zimeonekana. Msiseme miili imefukuliwa. Kuna watu wanaoikanusha historia hii, na hutafuta sentensi moja iliyotiwa chumvi ili waitupe yote. Ushahidi wa manusura na kumbukumbu za shule zenyewe unatosha bila kuongezwa.

Na fulana ni ya Phyllis Webstad, wa taifa la Stswecem'c Xgat'tem. Mwaka 1973, akiwa na miaka sita, bibi yake alimnunulia fulana mpya ya rangi ya machungwa ili aende nayo siku ya kwanza kwenye St. Joseph's Mission, karibu na Williams Lake. Alivuliwa siku hiyo hiyo na hakurudishiwa tena. Alipoisimulia mwaka 2013, ikazaliwa Siku ya Fulana ya Machungwa. Ikawekwa Septemba kwa sababu ndio majira ambayo watoto walikuwa wakichukuliwa.

Kwenye kikao mzee mmoja atauliza: "Mwanangu, sisi tumeingia nchi hii juzi na mabegi mawili. Hayo yanatuhusu nini?" Msimnyamazishe, ni swali la haki. Jibu lipo kwenye kiapo anachojiandaa kula: tangu Juni 2021 kiapo cha uraia wa Kanada kinataja katiba inayotambua haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi, pamoja na haki zao zinazotokana na mikataba waliyofunga na Taji la Uingereza. Mabadiliko hayo yalidaiwa na Wito wa 94. Wito wa 93 nao unataka wageni wafundishwe historia hii. Katika mambo 94 waliyoyapima kwa miaka, mawili ya mwisho waliyaelekeza kwa watu kama sisi.

Wazee wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaweza kuwa na la karibu zaidi. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao wakawekwa kwenye misheni kama Save kule Rwanda na Katende kule Kasai. Waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano, kwamba kuwachukua kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lizungumzeni hili kwa kirefu kwenye kikao chenu cha ndani, maana huwafanya watu waelewe upesi kuliko takwimu yoyote. Jukwaani, siku yenyewe, libaki chini.

Hatua ya 2: Amueni kama mnaandaa au mnaungana

Ushauri wangu ni wa wazi: kama ni mwaka wenu wa kwanza, msiandae chochote chenu Septemba 30. Karibu kila mji mkubwa una maandamano au mkusanyiko ulioandaliwa na manusura wenyewe au kituo cha urafiki cha wenyeji wa asili, yaani kituo chao cha jamii mjini. Waandikieni waandaaji mapema: "Tuna watu ishirini na magari matano. Tufanye nini?" Mtaambiwa mbebe maji, muwachukue wazee majumbani, muoshe vyombo, mfungue na kufunga mahema. Fanyeni hivyo kwa heshima. Hakuna njia fupi zaidi ya kufahamiana.

Mwaka wa pili andaeni jioni yenu ya kujifunza, lakini katika wiki inayotangulia, ambayo ndiyo Wiki ya Ukweli na Maridhiano. Septemba 30 wazee wa wenyeji wa asili na manusura huitwa kila mahali, shule, benki, hospitali, halmashauri, na wengi humaliza siku hiyo wamechoka mwili na roho. Msiwe wa kumi na moja kwenye foleni hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua jioni. Siku hii ni ya mapumziko kwa wafanyakazi wa serikali kuu, benki, posta na mashirika ya ndege, na majimbo kama British Columbia na Manitoba yameiweka kwenye sheria zao. Ontario, Quebec na Alberta waajiri wengi binafsi huendelea na kazi, na watu wetu wengi wako ghalani, kwenye viwanda vya nyama na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mkiweka shughuli saa nne asubuhi mtakuja viongozi peke yenu.

Muda wa maandalizi usiwe chini ya miezi mitano. Aprili au Mei mpeleke ombi kwa mzee wa wenyeji wa asili. Juni 21, Siku ya Kitaifa ya Wenyeji wa Asili, mhudhurie kama wageni, mnunue chakula chao, mkae. Agosti ukumbi na wakalimani. Mkianza Septemba mmechelewa, ahirisheni mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Jueni mko kwenye ardhi ya nani

Haitoshi kusema "wenyeji wa asili wa Kanada". Ottawa iko kwenye ardhi ya Waalgonquin, ambayo haikukabidhiwa kwa mkataba wowote. Winnipeg iko ndani ya Mkataba wa 1, wa mwaka 1871. Edmonton ni Mkataba wa 6, Calgary ni Mkataba wa 7. Vancouver ni ardhi ya Musqueam, Squamish na Tsleil-Waututh. Tafuteni ya kwenu, kisha mjifunze kutamka majina mpaka yakae mdomoni. Pigeni simu ofisi ya taifa husika muulize yanavyotamkwa. Hawatachoka kuwafundisha.

Tambueni tofauti ya mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Kutambua ardhi ni kazi yenu, nyinyi mlio wageni juu yake. Kukaribisha watu kwenye ardhi ni haki ya taifa lenye ardhi hiyo peke yake. Mzee wa Kikrii anayeishi Toronto anaweza kuwafungulia kwa sala, lakini hatawakaribisha kwa niaba ya Mississaugas of the Credit, na mkimwomba hivyo mnamtia aibu.

Maneno ya kutambua ardhi yawe mafupi, kwa Kiswahili na Kiingereza au Kifaransa, na yamalizike kwa jambo moja ambalo chama chenu kinafanya kweli. Kama hakuna mnalofanya, tajeni ardhi na mnyamaze. Na katika matangazo yenu yote ya Kiswahili jina la zamani la "Wahindi Wekundu" lisitumike kabisa. Andikeni jina la taifa lenyewe, au Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi.

Hatua ya 4: Namna ya kumwomba mzee

Hapa ndipo vyama vingi hukosea, kwa sababu hutuma barua pepe yenye kichwa "Tunatafuta manusura wa kuzungumza dakika 15". Hakuna mtu anayetaka kuagizwa namna hiyo.

Anzeni na kituo cha urafiki au ofisi ya taifa. Ulizeni nani huombwa mambo kama haya, na utaratibu wao ni upi, kwa sababu mataifa hayafanani. Kwa mataifa mengi, kama Waanishinaabe na Wakrii, ombi hupelekwa na tumbaku. Si pakiti ya sigara mliyoipitia kwenye kituo cha mafuta bila kufikiri. Nunueni tumbaku ya majani, chukueni kipande cha kitambaa cha pamba cha upana wa kiganja, mara nyingi chekundu, wekeni kiasi cha ngumi ya mtoto katikati, kusanyeni ncha nne na mfunge kwa utepe. Nendeni wawili, mmoja wenu mtu mzima anayeheshimika. Wekeni tumbaku mezani mbele ya mzee au muishike mkononi, semeni ombi lenu lote, kisha nyamazeni. Akiichukua, amekubali. Asipoichukua, shukuruni, msibembeleze na msiulize sababu. Kwa Wainuiti desturi hii si yao, na Wametisi hutofautiana, ndiyo maana lazima muulize kwanza.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Mzee, tunatoka chama cha watu wanaozungumza Kiswahili hapa mjini. Wengi wetu tulikuja kama wakimbizi. Tunataka watu wetu waijue historia ya ardhi hii kutoka kwa wenyewe. Tunakuomba utufungulie jioni yetu kwa sala, na ukiona inafaa, utuambie lile unalotaka tulijue. Tutakufuata nyumbani na kukurudisha, na mtu yeyote unayetaka kuja naye tutamhudumia."

Angalieni kwamba hamjaomba ushuhuda. Mlichoomba ni sala, na lile atakalotaka kusema. Wako manusura wanaozungumza hadharani kwa hiari na wengine ambao hata watoto wao hawajawahi kusikia. Msiulize alisoma shule gani wala alifanywa nini. Msimpime kwa orodha pia: shule takriban 140 zilitambuliwa kwenye makubaliano ya fidia, lakini wapo wengi wa shule za kutwa na shule nyingine ambazo hazikuwemo, na maumivu yao ni yale yale.

Hatua ya 5: Fedha

Mzee hulipwa. Naliandika hivi waziwazi kwa sababu kwetu mzee akiitwa kuombea shughuli hupewa soda na shukrani. Hapa mnamtoa nyumbani kuja kugusa kidonda kwa faida yenu. Ulizeni kituo cha urafiki kiwango cha kawaida cha eneo lenu, na kisipungue kile ambacho mngempa mhadhiri wa chuo kikuu kwa muda huo huo. Kiwe kwenye bahasha, fedha taslimu au hundi, mkononi mwake siku ile ile kabla hajaondoka, bila fomu na bila kusubiri mweka hazina arudi kutoka safari. Ongezeni mafuta ya gari, maegesho, chakula, na bahasha ya msaidizi wake.

Kama mnaomba ruzuku ya jiji au ya Idara ya Urithi ya serikali kuu, wekeni malipo ya wazee, wakalimani na wasaidizi wa kisaikolojia juu kabisa kwenye bajeti. Mapambo yaje mwisho, au yasije. Na siku hiyo kusiwe na harambee, kapu la mchango wala tiketi.

Hatua ya 6: Ukumbi

Vyama vyetu vingi hukutana kwenye kumbi za makanisa kwa sababu ni za bei nafuu. Kwa shughuli hii kataeni, hata kama mchungaji ni rafiki na ukumbi ni bure. Kuna manusura ambao hawawezi kupita mlango wenye msalaba. Tumieni maktaba, kituo cha jamii, shule ya umma ikiwa mzee mwenyewe amekubali, au bora zaidi kituo cha urafiki, ambapo fedha yenu ya kodi itawafaa wenyewe.

Ukumbi ukipatikana, ulizeni mambo machache kabla ya kusaini:

- Je, moshi wa majani matakatifu unaruhusiwa, na nani atazima kengele ya moto kwa dakika hizo?
- Kuna chumba kidogo cha utulivu chenye mlango, karibu lakini si ndani ya ukumbi?
- Viti vinaweza kupangwa duara? Jukwaa refu halifai.
- Mtu wa kiti cha magurudumu ataingia na kufika chooni bila kubebwa?

Kuhusu moshi, semeni na watu wenu mapema, msikitini na kanisani. Mzee huchoma majani kama saji, nyasi tamu au mwerezi, na kila mtu huuvuta moshi kwa viganja kuelekea kichwani na kifuani. Asiyetaka husimama kwa heshima au hurudi nyuma hatua moja, na hakuna atakayemlaumu. Lisilokubalika ni mtu kunong'ona "uchawi". Kati ya mwaka 1885 na 1951 sheria ya Kanada ilipiga marufuku ibada zao kadhaa, na watu walifungwa kwa kuzifanya. Mzee anayewasha majani hayo mbele yenu anafanya jambo ambalo wazazi wake walilificha. Mwislamu au mlokole asiyeweza kuvumilia kuliona abaki nyumbani jioni hiyo, na aambiwe hivyo kwa upole.

Hatua ya 7: Ukalimani

Bibi aliyeishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale kabla ya kufika hapa, asiyejua Kiingereza, ndiye huenda atakayemwelewa manusura kuliko sisi sote. Bila mkalimani ataondoka na picha ya watu wanaolia. Kwa hiyo ukalimani upewe uzito.

Chukueni wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20. Wawe wenye mafunzo. Msichukue mpwa wa mwenyekiti kwa sababu tu amemaliza sekondari hapa. Kiswahili chao kieleweke na wasikilizaji wenu: kama wengi wametoka Kivu, msilete anayejua Kiswahili cha magazeti ya Dar es Salaam peke yake. Wakutane na mzee kabla, wajue majina na maneno yatakayotumika. Watafsiri kwa nafsi ya kwanza: manusura akisema "nilipelekwa", mkalimani aseme "nilipelekwa", asiseme "anasema alipelekwa". Na muwaulize wakalimani, faraghani, kama wanaweza kuibeba habari hii. Mtu aliyetenganishwa na mama yake vitani akiwa na miaka saba anaweza kukwama katikati ya sentensi. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na wawili.

Hatua ya 8: Watoto

Watoto wetu wengi watakuwa wameisikia habari ya fulana darasani na huijua kuliko wazazi wao. Walio chini ya miaka minane wasimuliwe ya Phyllis na bibi yake, mchana au chumba kingine, na waishie hapo: mtoto alivuliwa kitu alichokipenda, watu wakubwa walikosea, leo tunahakikisha kila mtoto ana thamani. Wa miaka kumi na kuendelea wanaweza kusikia habari ya Chanie Wenjack, mvulana wa Kiojibwe wa miaka 12 aliyetoroka shule ya bweni huko Kenora, Oktoba 1966, akifuata reli kwa miguu kuelekea kwa baba yake umbali wa kilomita mia sita. Alikutwa amekufa kwa baridi kando ya reli. Ushuhuda wa manyanyaso ya mwili na ya kingono si wa masikio ya mtoto yeyote. Mzee aulizwe kabla kama atagusa huko ili watoto watolewe kwa utulivu.

Kuna watoto wetu waliotenganishwa na wazazi njiani au kambini. Mzazi au mlezi wao aambiwe mapema, aamue mwenyewe.

Hatua ya 9: Fulana

Nunueni kwa wachapaji wenyeji wa asili au kwa chama kilichoanzishwa na Phyllis Webstad. Kila Septemba mitandao hujaa fulana za bei rahisi zenye michoro iliyoibwa kwa wasanii wao, na fedha haiwafikii. Agizeni Julai, kwa sababu Septemba huisha. Asiye na fedha avae nguo yoyote ya machungwa aliyonayo, kitenge au kanga, inatosha kabisa. Ila msichapishe kitenge cha chama chenye nembo ya siku hii na kukiuza. Nimesikia wazo hilo likitolewa kwa nia njema, na bado ni biashara juu ya watoto waliokufa.

Hatua ya 10: Jioni yenyewe

Isizidi saa mbili na nusu. Utaratibu huu umefaa vyama vidogo:

- Saa 11:30 jioni: milango inafunguliwa. Vijana wanawapokea wageni na kuwaketisha. Mzee anapewa kiti kizuri, maji na chai.
- Saa 12:00: mzee anafungua kwa sala. Kisha mmoja wenu anatambua ardhi.
- Saa 12:20: historia kwa dakika 15, kwa Kiswahili, isomwe na mtu wa kamati.
- Saa 12:40: mzee au manusura anazungumza. Msiweke saa mbele yake.
- Ukimya, kwa muda atakaoutaja yeye.
- Chakula.
- Mzee anafunga.

Mkipanga, mtaona hakuna hotuba ya mwenyekiti, ya mlezi wa chama wala ya mgombea udiwani. Wanasiasa wakija wakae chini wasikilize. Itifaki ya kuwatambua waheshimiwa mmoja mmoja iachwe siku hiyo. Maswali kutoka kwa wasikilizaji yaruhusiwe tu kama mgeni mwenyewe amesema anayataka. Vigelegele, makofi na ngoma, muulizeni mzee kabla. Baadhi husema pigeni, baadhi hupendelea kimya.

Wekeni watu wawili wa msaada wa kisaikolojia, mmoja kutoka jamii ya wenyeji na mmoja anayezungumza Kiswahili, wavae kitambaa cha rangi moja ili waonekane. Namba ya simu ya msaada kwa manusura na familia zao, 1-866-925-4419, inayopokelewa saa 24, ibandikwe ukutani na chooni, kwa sababu kuna atakayeinakili asipotazamwa. Nunueni karatasi laini za kutosha na muweke mifuko ya karatasi ya kahawia chini ya viti. Kwenye mikutano ya Tume, karatasi zilizofuta machozi hazikutupwa kwenye taka. Zilikusanywa na kuchomwa kwenye moto mtakatifu. Muulizeni mzee kama angependa mifuko hiyo apelekewe. Wengi watasema ndiyo.

Chakula tunakijua: pilau, sambusa, maharage, matunda, chai ya tangawizi. Andaeni visivyo na pilipili, na vya mtu mwenye kisukari. Wazee na manusura wahudumiwe kwanza, wakiwa wamekaa, na vijana ndio wawapelekee sahani. Hapo desturi yao na yetu ni moja, na vijana wasipange foleni kabla.

Hatua ya 11: Simu na picha

Tangazeni mlangoni na tena kabla ya sala: simu mfukoni. Sala, nyimbo nyingi za ngoma yao na ushuhuda havirekodiwi bila ruhusa, na ruhusa ya kurekodi si ruhusa ya kusambaza. Kipande cha sekunde 40 cha mama anayelia kikiingia kwenye grupu la watu 250, hakirudi. Teueni mpiga picha mmoja, apige ukumbi na chakula, na picha yoyote yenye sura ya mgeni aoneshwe mwenyewe kabla ya kwenda popote. Maneno ya manusura ni mali yake. Msiyachape kwenye jarida la chama kwa sababu tu yaliwagusa.

Hatua ya 12: Wiki na miezi inayofuata

Siku mbili baadaye mpigieni mzee simu. Msimpe fomu ya tathmini. Mjulieni hali tu. Baada ya wiki, kamati na wakalimani wakae pamoja, wapate chakula, waambiane yaliyowabaki moyoni.

Kisha chagueni wito mmoja kati ya 94 mnaoweza kuufanyia kazi mwaka mzima. Kwa maoni yangu kuna miwili inayotufaa kuliko mingine. Wa kwanza ni ule wa 93: kama mnaendesha darasa la mtihani wa uraia, ongezeni vipindi viwili vya historia hii, kwa Kiswahili, na mmlipe mwalimu mwenyeji wa asili. Wa pili uko mwanzoni kabisa mwa orodha, kwenye ustawi wa watoto. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa wenyeji wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15 Kanada, lakini ni asilimia 53.8 ya walio kwenye malezi ya kambo, yaani waliowekwa kwenye familia nyingine na ofisi ya ustawi. Familia zetu nazo zinaijua hofu ya mfanyakazi wa ustawi anayebisha hodi. Mashirika ya wenyeji yana uzoefu wa miaka mingi wa kusimama na wazazi katika mambo hayo, na yanastahili kuungwa mkono na kila mzazi aliyewahi kuogopa mlango wake kugongwa.

Mwisho, fungueni faili. Humo muandike majina ya taifa na matamshi yake, nani aliombwa na kwa njia gani, kiasi kilicholipwa, ukumbi upi ulikubali moshi, wakalimani gani waliweza na yapi mzee aliomba yabadilishwe. Vyama vyetu hubadilisha uongozi kwa uchaguzi, mara nyingine kwa ugomvi, na uhusiano uliojengwa kwa miaka mitatu hupotea pamoja na simu ya katibu wa zamani. Faili hilo likabidhiwe pamoja na mhuri na daftari la fedha, na katibu mpya apelekwe na wa zamani kumsalimia mzee kabla ya Aprili.